Maziwa ya Senge

Mimi naogopa maziwa. Cheka ukitaka. Mtu wa Bomet aliyelelewa kwa mursik, anaogopa maziwa!

Ilikuwa miaka ya tisini, msimu wa baridi. Mama alikuwa anachuma chai shambani kwetu, karibu na Silibwet, nami niko mstari wa pili. Nikaona majani yanamdondoka mkono wa kulia. Nikamtania: "Mama, leo unalisha ng'ombe?" Akageuka anijibu, mdomo ukaenda upande mmoja na maneno hayakutoka. Woi! Nilipiga nduru, majirani wakaja mbio. Mmoja akasema ni baridi ya umande tu, tumwoteshe moto atapata nafuu. Baba hakumsikiliza. Alisimamisha lori la majani, tukampeleka hospitali.

Daktari alisema ni kiharusi. Mshipa wa damu umeziba ubongoni, na sehemu iliyokosa damu ndiyo inayoongoza mkono, mguu na maneno. Akauliza kuhusu presha. Baba akakiri kwamba mama aliacha vidonge kichwa kilipoacha kumuuma. "Presha haipigi hodi," daktari akasema.

Nesi naye akatuonya: koo limelegea, asipewe chochote kwa mdomo mpaka apimwe kama anaweza kumeza. Chakula kilipita kwenye mpira wa puani. Kila asubuhi walimkunja na kumnyoosha vidole, na siku moja kidole gumba kikacheza chenyewe. Nilitoka nje nikalia kwa furaha.

Halafu senge akaja. Senge ni shangazi, dada ya baba, na kwetu huwezi kumkatalia. Alileta mursik, yale maziwa yetu ya mgando, kwenye kibuyu alichokifunga kwa leso. Akautazama ule mpira. "Mnamlisha wifi yangu kwa pua? Hata ndama hanyweshwi hivyo!" Nikamwambia nesi amekataza. "Nesi ni mtoto wa nani? Hamna adabu nyinyi!" Baba akatazama chini. Senge akamwinua mama kichwa, akammiminia.

Mama alikohoa mara moja. Kisha hata kikohozi kikakosa. Midomo ikageuka rangi, macho yakawa yananitafuta mimi. Haki ya Mungu, sijawahi kuogopa hivyo. Manesi walikuja wakayavuta maziwa kooni kwa mashine, akapumua. Lakini mengine yalikuwa yameshashuka mapafuni. Ikaja homa, ikaja nimonia, na tukamzika kabla mahindi hayajakomaa.

Senge hakuambiwa. Baba alisema ni kiharusi, basi. Matangani senge alijifariji mbele ya watu: "Angalau wifi yangu ameondoka ameonja maziwa ya nyumbani."

Mwaka uliofuata mzee jirani akapooza. Nilimkuta senge langoni kwa huyo mzee, kibuyu mkononi, anajiandaa kubisha. Nikasimama kati yake na lango.

"Senge, usimpe."

"Kwa nini?"

Nikamwambia. Koo, mapafu, nimonia, yote kwa mkupuo, nikiogopa kwamba nikinyamaza kidogo tu sitaweza kuendelea.

Senge alikaa chini pale pale kwenye nyasi, na nguo zake za kanisani.

"Kwa hivyo," akasema, "ni mimi."

Nilifungua mdomo niseme hapana, nikaona huo ni uongo mwingine, nikakaa kando yake nikakipokea kibuyu.