Siku Umbea Ulipopanda Mstari Kunifuata

Jamani, mimi nimewahi kuona umbea ukitembea. Kwa miguu, tena kwa kufuata mdundo.

Naitwa Hollis. Kila Jumamosi ya pili ya mwezi, kwenye ukumbi wetu wa mbao huku New Hampshire, Marekani, nashika maiki na kuita hatua za dansi ya kontra. Watu wanasimama safu mbili ndefu wakitazamana, na hizo mbili ndizo mstari mmoja. Kila jozi inacheza na jozi jirani, kisha inasogea kukutana na nyingine, moja ikipanda mstari na moja ikishuka; hiyo ndiyo zamu. Ukiingia mstarini, hakuna wa kumkwepa. Na kutoka katikati ni aibu ya mwaka mzima.

Basi Machi ile, tope likiwa hadi vifundoni, dansi yetu ilikuwa inakufa.

Orrin wa fidla na Verna wa piano, miaka ishirini na mbili jukwaa moja, walikuwa hawasalimiani. Orrin alitamka siku moja, huku akiosha vikombe, kwamba Verna siku hizi anapiga piano kama anayekimbizwa na mbwa. Maneno yakamfikia Verna. Verna akafunga piano, akaenda zake bila kusema kwa nini.

"Amechoka? Achoke!" Orrin akasema. Kiburi cha yule mzee, we acha tu.

Yalimfikiaje? Tulia, tutafika.

Bila wale wawili hakuna bendi, na bila bendi kamati ingefunga ukumbi Aprili. Wiki sita usingizi sina.

Nikapanga njama. Nikaalika wanamuziki kutoka jimbo jirani la Maine, ili hawa mahasimu waje kucheza tu. Wakaja, wakabadilisha viatu mlangoni, mmoja huku, mmoja kule. Nikapanga mstari mmoja tu. Verna akasimama juu, karibu na jukwaa. Orrin akamshika mwenzi wake wa kucheza, akakimbilia mkiani.

Nilimwona akihesabu vichwa. Jozi ishirini na mbili kati yao, na anajua mimi hukata muziki zamu ya kumi. Kuonana hawataonana. Akatabasamu, mzee wa watu.

Zamu ya kumi ikafika. Sikukata.

"Hollis! We Hollis!" Orrin akapaza sauti.

Nikajifanya napanga kadi zangu.

Zamu ya kumi na mbili, uso kwa uso. Hatua yenyewe ni kushikana na kuzungushana, na hapo ukikwepa macho ya mwenzio kizunguzungu kinakupata. Wote wawili wakatazama dari. Mzunguko wa tatu wakayumba, nusura waanguke, wakang'ang'aniana kama walevi.

Verna akafoka, "Mimi nakimbizwa na mbwa, eti?"

"Nani kakwambia?"

Halafu, polepole, wote wawili wakageuka kunitazama.

Ndiyo. Ni mimi niliyepeleka. Nilidhani nachekesha.

Haraka nikanyanyua mguu, ishara ya kuiambia bendi imalize. Orrin naye akazungusha kidole hewani: endeleeni. Mpiga fidla wa Maine akatuangalia, akacheka, akaendelea. Msaliti!

Sasa Orrin anapanda mstari kuja kwangu. Kila anayemzungusha anamnong'oneza. Kila aliyenong'onezwa anageuza shingo kunitazama. Jozi kwa jozi, umbea unasogea. Jasho likanitiririka mgongoni. Nikimbilie wapi, na mlango uko nyuma yao?

Akafika juu, ambapo jozi hupumzika zamu moja. Akaitumia zamu hiyo kupanda jukwaani na kuninyang'anya maiki.

"Shuka, mwanangu. Nafasi yako iko mstarini."

Verna, ambaye naye alikuwa amefika mkiani, akaja akamwondoa mpiga piano wa Maine. "Hii ni kwa heshima ya mbwa!" akatangaza.

Aisee, akaipiga! Orrin akaazima fidla, akawa anamfuata mbio huku anacheka hadi machozi. Mimi nami yakanitoka, kwa aibu na kwa furaha.

Mwenzi wa Orrin akanivuta mstarini. Na kila niliyemzungusha akaniinamia sikioni: "Hollis, usimwambie mtu, lakini..."

Watu arobaini! Mmoja kaiba mbuzi. Mwingine anavaa wigi. Mwingine pai yake ya tufaha hununua dukani. Ukumbi mzima unanisanifu.

Ukumbi haukufungwa. Nami nilijifunza: neno unalompa jirani linasogea, na mstari ni mmoja, na wewe umo. Mchimba kisima huingia mwenyewe.

Na kati ya siri zile arobaini, moja ilikuwa ya kweli.

Usinitazame hivyo. Sisemi.