Mzee Aliyebeba Mbao Zangu

Ukinipigia simu leo ukaniambia unataka kabati la ukutani, lile la kutoka sakafuni mpaka dari, jeupe, lisilo na nakshi wala vishikizo, ukiligusa kidogo linafunguka lenyewe, nitakuja na tepu yangu na nitapima mara tatu: chini, katikati, juu. Watu wa Gungu wananisifu kwa hilo. "Huyu fundi makini," wanasema. Mimi nainamisha uso, najifanya naandika vipimo. Najua umakini huo niliutoa wapi, na najua nilimlipa nini aliyenipa.

Useremala nilijifunza Ujiji, kwa mzee mmoja ambaye wazazi wake walivuka ziwa kutoka Kongo. Alianza kwa kuunda maboti ya mbao ufukweni, mgongo ulipochoka akahamia kwenye vitanda na milango. Msidhani alikuwa mpole. Alikuwa na mdomo huyo! Mimi ni Muha wa Kalinzi, nimekulia kwenye kahawa, basi siku ya kwanza tu aliniuliza kama huko milimani kwetu tunajua kwamba mbao zinatoka kwenye miti au tunadhani zinaota dukani. Nilikasirika. Baadaye nikagundua kuwa asiyetaniwa pale ndiye asiyetakiwa.

Karakana yake ilikuwa na desturi moja. Ukiwa unajifunza, unaitwa "mwanafunzi", hata kama una mke na ndevu. Siku akiridhika na mkono wako, anakuita mbele ya watu, kwa sauti ya kusikika: "Fundi, hebu njoo." Anakukabidhi randa, mnakunywa chai na maandazi, umehitimu. Cheti hakuna, neno lenyewe ndilo cheti. Niliwaona wenzangu wawili wakiitwa hivyo. Mmoja alilia machozi kabisa, tukamcheka wiki nzima, na moyoni kila mmoja wetu alimwonea wivu.

Mimi sikusubiri zamu yangu. Nilikuwa nimeshaona kwenye simu picha za nyumba za mijini, makabati yamezama ukutani, meza hazina hata ua moja, kila kitu kimenyooka. Nikamwambia mzee kwamba hizi nakshi zake zimepitwa na wakati, mimi naenda kufungua ya kwangu. Nilisema mbele ya wateja wake, kwa kiburi cha mtu ambaye hajawahi kukosea kwa sababu hajawahi kuachiwa kazi. Alikuwa anapiga msasa mguu wa kitanda. Hakuacha.

"Haya, mwanafunzi, nenda," alisema. "Ila ujue, kitu kisicho na nakshi hakina pa kufichia kosa."

Nikajiambia huyu mzee ana wivu. Jamani, ujana!

Miaka ikapita, nikapata jina huku mtaani Gungu. Nikapata pia uongo. Wateja wa kazi za kisasa walipenda kusikia kwamba umetoka mbali, nami nikaanza kusema nilifundishwa Dar es Salaam, kwenye karakana kubwa yenye mashine. Dar nilikuwa nimefika mara moja, kwenye msiba. Lakini uongo huo niliurudia mpaka ukalainika mdomoni, na mama mmoja mwenye cheo ofisini, aliyejenga nyumba Bangwe inayotazama ziwa, akanipa kazi kwa sababu hiyo hiyo. Alitaka chumba chake kizima kiwe na kabati la ukuta kwa ukuta. "Sitaki kuona hata nafasi ya kupitisha unywele," alisema.

Nikapima. Mara moja, katikati, nikakunja tepu nikaenda zangu.

Siku ya kufunga, kabati liliingia vizuri kabisa pale katikati. Huko juu, kati ya ubao na ukuta, ningeweza kuingiza kiganja. Chini vilevile. Kuta zilikuwa na tumbo, pande zote mbili, na mimi nilikuwa nimepima tumboni tu. Nikaziba kwa vipande vya mbao na silikoni, nikapaka rangi. Ikawa mbaya kuliko tundu lenyewe. Yule mama akaja, akasimama, akatazama, hakupiga kelele. Akasema ananipa siku tatu, la sivyo atawaita mafundi wenyewe kutoka Dar.

Nilijua mtu mmoja tu wa kuniokoa. Nikapanda bodaboda mpaka Ujiji, njia nzima natunga maneno ya kuomba radhi, nilipofika yote yakanikimbia. Nikasema "Shikamoo mzee," nikabaki nimesimama kama mdaiwa.

"Marahaba. Wamekufukuza wapi?" akauliza.

Nikamweleza. Akacheka mpaka akakohoa. Kisha akauliza swali moja tu: "Ulipima miguu ya ukuta, na kiuno, na kichwa?" Nikasema kiuno. "Eti kiuno! Mwanafunzi, wewe kiuno ndicho unachoona siku zote." Watu wa karakana wakaangua kicheko. Hakunikumbusha lolote nililomwambia siku ile ya kuondoka. Akatia randa na penseli kwenye kikapu, akavaa koti lake lililochakaa viwiko, tukaenda.

Kazi aliyoifanya pale Bangwe ni ya watu wa maboti. Ubao wa boti haulazimishwi kulala juu ya mwenzake, unafuatishwa. Alisimamisha ubao mrefu mwembamba karibu na ukuta, akaupima kwa timazi mpaka ukanyooka. Kisha akachukua kijiti, akabana penseli juu yake, akakitembeza kijiti kwa kugusa ukuta kuanzia darini hadi sakafuni. Penseli ikachora ubaoni tumbo lote la ukuta, kila kibonde na kila nundu. Halafu akapiga randa polepole kufuata mstari ule. Mikono ilikuwa imeanza kutetemeka, ila ikishika randa inatulia. Ubao ulipoingia ulikaa kama ulizaliwa pale. Upande wa pili akaniachia mimi, akasimama nyuma yangu akinipigia kelele kama zamani. Siku mbili zile, haki ya Mungu, nilikuwa na furaha.

Siku ya tatu, yule mama akaja na wenzake wawili wa ofisini. Wakapitisha vidole kwenye maungio. "Hata wembe haupiti," mmoja akasema. Yule mama akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu nimjue, akawaambia fundi wake huyu amefunzwa Dar. Kisha akamwona mzee, ameketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, anaifuta randa yake kwa kitambaa.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mama."

Akanigeukia. "Na huyu mzee naye ni fundi?"

Hakuna aliyenishikia panga. Alikuwa ameuliza kwa heshima tu, na jibu lilikuwa neno moja. Lakini niliona maswali yatakayofuata: fundi wa wapi, mmejuana vipi, kumbe si Dar? Njia ya mwongo fupi, nami niliiona inaishia pale pale chumbani.

"Hapana, mama," nikasema. "Ni mzee tu, ananisaidia kubeba mbao."

Mzee aliacha kufuta. Aliitazama ile randa mkononi mwake, akaitia kwenye kikapu, akaifunika kwa kitambaa. Nilidhani atatukana. Mdomo ule ulikuwa umetukana watu wakubwa kuliko mimi. Akainuka kwa kujishika goti.

"Ndiyo, mama," akasema. "Mimi nabeba."

Akachukua ubao uliobaki, akauweka kichwani, akatoka nao nje kwenye jua. Akarudi, akabeba wa pili. Akarudi tena. Mimi nilikuwa nawaeleza wageni habari za bawaba, jinsi zinavyofunga taratibu bila kelele, na sauti yangu niliisikia kama ya mtu mwingine. Alibeba mpaka vipande ambavyo vilistahili kutupwa. Alikuwa ananilindia uongo wangu usianguke.

Tukarudi Ujiji kwa bodaboda. Nilipomshusha kwake alisema, "Kabati limekaa vizuri, mwanafunzi," akaingia ndani.

Nilipanga kwenda kumwangukia Ijumaa ile. Ikaja nyingine. Nilituma sukari, nikatuma samaki, migebuka mikavu ya ziwani, nikatuma salamu. Miguu yangu ndiyo sikuituma. Nilikuwa naona haya, na haya ikikaa sana inageuka woga. Mke wangu aliniuliza mbona nakwepa njia ya Ujiji, nikamwambia barabara mbaya. Barabara ya lami!

Kisha yule mama akanipa kazi ya ofisini kwao, ghorofani: rafu za ukuta mzima na meza ndefu ya kuunganishwa na dirisha. Asubuhi ya kwanza nilikuwa juu napima, chini, katikati, juu, yeye na wenzake wamesimama mlangoni wananitazama. Gari la mbao likapiga honi.

"Usihangaike kutafuta wabebaji," akaniambia. "Juzi nilikutana na yule mzee wako sokoni. Nikamwambia kuna kazi ya kubeba, akakubali. Mzee mwema sana yule."

Nikatoka mbio kwenye ngazi. Alikuwa ameshafika katikati. Koti lile lile, ngata ya kitambaa kichwani, na juu yake ubao mzito, mkono mmoja ukiushikilia, mwingine ukitafuta ukuta. Shingo ilikuwa imetoka mishipa. Ngazi ilikuwa nyembamba, watu wawili hawapishani. Yule mama na wenzake walikuwa wamenifuata, nilisikia viatu vyao nyuma yangu.

Nilifungua mdomo. Maneno nilikuwa nayo, nilikuwa nimeyakariri majuma mengi: huyu ndiye aliyenifundisha, kabati la Bangwe ni mkono wake, Dar sijasoma. Nilihitaji kusema hata nusu yake, kisha niupokee ule ubao.

Mzee akainua macho akaniona. Akawaona na wale walio nyuma yangu. Akavuta pumzi, akasema kwa sauti ya kusikika, mbele ya watu, kama desturi yake inavyotaka:

"Pisha, fundi."

Nikapisha.