Simu Iliyopona Nikiwa Peke Yangu

Niliporudi Songea kutoka Dar es Salaam nilikuwa na stashahada ya elektroniki, mita ya kupimia umeme na sanduku la vifaa nililonunua kwa jasho langu. Hakuna mjomba aliyenilipia ada. Asubuhi nilikaanga mihogo nje ya chuo, nikaingia darasani mikono ikinuka mafuta, na mtihani wa mwisho nikawapita wenye wajomba. Nasema haya mapema ili msomaji ajue ni mtu wa namna gani aliyekoseshwa usingizi na simu moja ya mezani.

Ilikuwa miaka ile makampuni ya watu binafsi yalipoanza kununua mazao. Kila kampuni ilikuja mjini na bango jipya na mashine za ofisi ambazo zikiharibika, watu walikuwa na njia mbili: kuzirudisha Dar au kuniita mimi. Moja kati ya kampuni hizo ilinunua korosho za Tunduru. Meneja wake wa Songea alikuwa mama wa makamo, mpole wa sauti, aliyeniita fundi kila mara, na kila mara nilimkumbusha kwa heshima kwamba mimi ni fundi sanifu.

Alinionyesha simu yenyewe katikati ya meza ya mikutano. Ilikuwa nyeusi, bapa, yenye miguu mitatu kama kigoda, na spika katikati. Kwa simu hiyo, ofisi nzima ilizungumza na mkurugenzi aliyekuwa Dar. Lakini kwa vikao viwili sauti yake ilifika vipande vipande, na yeye alilalamika kwamba Songea wanamkatiza. Mama alinieleza shida ilipokuwa. Korosho zilikuwa zimejaa kwenye ghala la Tunduru ambalo bati lake linavuja, na mkurugenzi ndiye pekee wa kuruhusu malori ya kukodi. Kikao cha mwisho kilikuwa kesho yake. Akikosa kuelewa hapo, jambo lingesubiri mwezi ujao, na mwezi ujao mvua ingekuwa imekwishafunga barabara.

Nilipima waya, nikakuta mzima. Nilibadilisha soketi ya ukutani hata hivyo, maana mteja hupenda kuona kitu kimebadilishwa. Kisha nikaigeuza simu kifudifudi, nikachomeka pini kwenye tundu dogo chini yake na kuishikilia mpaka taa zote zikazimika na kuwaka upya. Hapo simu husahau kila ilichofundishwa na kurudi kama ilivyotoka kiwandani. Nikampigia rafiki yangu niliyesoma naye Dar. Tuliongea kwa raha, sauti safi kama maji ya kisima. Mama akashukuru, nikarudi nyumbani kwangu Ruhuwiko, nyumba ya matofali ya kuchoma niliyoijenga mwenyewe.

Jioni hiyo hiyo wakanitafuta. Walikuwa wamempigia mkurugenzi kumjulisha kwamba simu imepona, na mambo yakawa yale yale. Niliirudia kazi yote, pini na taa. Nikampigia rafiki yangu tena, safi. Basi hapo hasira yangu ikageuka kuwa kitu kingine. Chuoni tulifundishwa kwamba kifaa kibovu ni kibovu mbele ya kila mtu. Hiki kilikuwa kizima mbele yangu na kibovu mbele ya wengine. Niliona wivu, kama mtu aliyekuta mbwa wake anawabwekea wageni kwa lugha asiyoijua. Nikamwomba mama aniruhusu kukaa kwenye kikao. Alisita, kwa kuwa mambo ya kampuni si ya kila mtu, kisha akanipa kiti pembeni.

Asubuhi walikuwepo mama, mhasibu, karani wa usafirishaji na mzee mmoja wa Tunduru mwenye kofia nyeupe ya kufuma. Huyo ndiye mtunza ghala. Alikuwa amesafiri kwa basi kutwa nzima ili aseme kwa kinywa chake. Nilimwamkia shikamoo, akaniuliza kama chombo kitasikia. Nikamwambia kikiwa mikononi mwangu kitasikia.

Mkurugenzi alianza kuzungumza, na mimi macho yangu yakawa kwenye kitaa kidogo cha simu. Kilikuwa kijani alipoongea yeye, chekundu walipoongea wa huku. Mkurugenzi akasema kuhusu bei, mzee akaitikia, "Naam." Kitaa kikawa chekundu, neno la mkurugenzi likapotea. Akaendelea, mhasibu akasema ndiyo, karani akaguna eeh, mama akasema sawa kabisa. Nyekundu, kijani, nyekundu. Kila mmoja alikuwa akimwitikia mkubwa kama alivyolelewa, maana nani kwetu husikiliza mtu mzima akiwa bubu? Simu ile ilikuwa ya bei nafuu, haipitishi sauti mbili kwa pamoja. Ya huku ikitoka, ya kule hufungiwa nje. Na mimi nilipoongea na rafiki yangu tulipokezana maneno kama mafundi. Adabu ndiyo iliyokuwa ikimkata mkurugenzi!

Nilimnong'oneza mama, naye akaomba dakika chache. Simu ikakatwa, nikawaeleza. Mhasibu alicheka mpaka akavua miwani. Karani alipendekeza kila anayemaliza kuongea aseme "ova" kama kwenye redio ya polisi. Mama akamuuliza ni nani atakayemwambia mkurugenzi "ova," yeye au mke wake. Nikaagiza wote wanyamaze kabisa, wakubali kwa kichwa tu. Mzee hakupendezwa. Alisema kumnyamazia mtu anayezungumza na wewe ni kumwambia aondoke.

Tukapiga tena. Sauti ya mkurugenzi ilikuja nzima, nami nikavimba kifua. Lakini baada ya sentensi chache akasimama. "Songea, mpo?" Mama akasema wapo. Akaendelea kidogo, akasimama tena. "Jamani, naongea na ukuta?" Nikaelewa kwamba naye amelelewa kama sisi. Nikamwonyesha mama kwa ishara: wewe peke yako, na akivuta pumzi tu. Mama akaanza kudondosha "naam" zake kwenye mapengo, moja moja, huku akinitazama kama mwanakwaya anayemtazama mwalimu. Mazungumzo yakanyooka.

Ndipo mkurugenzi akamuuliza mtunza ghala barabara itapitika mpaka lini. Mzee akatikisa kichwa kwa huzuni, kimya, kama nilivyomwagiza. Nikamwashiria kwa mikono yote miwili aseme.

"Bwana Mkurugenzi, kumbikumbi wameshatoka Tunduru," akasema, polepole, akiinamia simu. "Mvua ikipiga mara mbili mfululizo, lori halipandi ule udongo. Na ghala linavuja. Korosho zikilowa, tutakuja kukuomba ruhusa ya kuzimwaga."

Upande wa pili kukawa kimya. Kitaa hakikuwa kijani wala chekundu. Mhasibu aliacha kuandika. Mama alivumilia kadiri alivyoweza, kisha uvumilivu ukamshinda.

"Upo, Mkurugenzi?"

Kitaa kikawa chekundu wakati ule ule sauti ilipokuwa inaanza, tukasikia kipande tu cha neno. Mama akajifunika mdomo kwa kiganja. Hakuna aliyethubutu hata kusogeza kiti.

"Nasema chukueni malori," mkurugenzi akarudia. "Yaondoke leo. Mmenisikia?"

Wote wanne waliitikia kwa pamoja, kwa sauti, wakirudiarudia, na mimi sikumzuia mtu. Kama mkurugenzi alisema neno jingine kule Dar, halikutufikia. Mzee alikuwa tayari amesimama, anamuuliza karani lori la kwanza linajaza mafuta wapi ili apande mbele na dereva.