Upepo wa Akai

Niliosha jangwa la mtu kwa sabuni. Nilidhani ni uchafu.

Akai ni mwimbaji wa Turkana aliyesoma na dada yangu. Anatunga nyimbo zake mwenyewe, zote za jangwa la kwao, na hana makazi: leo Kitale, kesho Soroti, keshokutwa sebuleni kwangu hapa Nalufenya, mjini Jinja. Alipoondoka kwenda kuimba Mbale akasahau manyanga yake, kile kibuyu cha kutikisa. Kikavuja mchanga juu ya kitambaa changu cha meza. Nikatoa kizibo, nikaumwaga wote uani, upande wa jirani yangu Mama Nabirye, nikakisuuza kwa sabuni. Kuku wakamalizia kwa kukanyaga tope.

Ndipo Akai akapiga simu. "Kaka, niletee kibuyu. Taratibu lakini, ule mchanga ni wa kwetu. Ndio upepo wangu ninapoimba."

Asubuhi nikapanda basi, mimi ambaye safari ya sokoni hunitosha mwezi. Nilikuwa nimetia kibuyuni mchanga wa kando ya mto Nile. Ulikuwa mbichi, kibuyu kikawa kinakohoa tu.

Tulipopita Iganga na kushika barabara ya Tirinyi, mpunga ulikuwa umeanikwa hadi kando ya lami. Basi liliposimama nikamwaga ule mchanga, nikamwomba mama mmoja mpunga kidogo.

"Wa kupika?"

"Wa kutikisa."

Akanitazama kama anayemtazama mlevi wa asubuhi, akanipa, nikautia kibuyuni.

Mbale nilifika jioni, mlima wa huko umejifunika mawingu. Akai alikuwa nyuma ya ukumbi, watu wameshakaa. Nikampa kibuyu, akakitikisa mara moja.

"Kaka, upepo wangu uko wapi?"

"Uani kwa Mama Nabirye."

"Ulimwaga?"

"Nikaosha pia."

Nikasubiri anitukane. Akakitikisa tena, karibu na sikio. "Hii ni mvua. Nyimbo zangu zote zinaomba mvua. Sasa ikishanyesha niimbe nini?"

Akaenda akaimba ule wimbo wa kisima kilichokauka. Alipofika mahali pa kuomba mvua, hakuomba. Alitikisa tu, muda mrefu, na ukumbi mzima ukajikunyata kama watu waliojibanza chini ya paa la bati.

Kesho yake alitakiwa kwenda Kampala. Badala yake akapanda gari la Moroto, aelekee kwao kuchota mchanga. Miaka mingi alikuwa akiimba habari za huko bila kurudi kukanyaga.

"Usijisifu," akaniambia stendi. "Bado nimekasirika."

Nikarudi Jinja nimejifunza kuuliza kabla ya kusafisha. Nilimweleza hayo Mama Nabirye, nikajitolea kumfagilia uani mchanga uliobaki. Akasimama akaziba njia.

"Bwana, kwangu usikuje kufagia."