Kioo Kwanza, Mkono Baadaye

Siku yangu ya kwanza kazini nilinyimwa mkono. Nilikuwa kijana wa Tabora niliyepelekwa Ujerumani Mashariki kujifunza kazi ya reli, nimevaa koti la kuazima lililonifika magotini, na baridi ilikuwa ya kung'ata masikio. Pale karakana niliwakuta wenyeji wakipeana mikono, zamu nzima, mmoja baada ya mwingine, hata na waliotoka kunywa kahawa pamoja. Nikafurahi, nikasema moyoni kwamba hawa ni watu kama sisi. Nikapanda kwenye injini niliyopangiwa, nikamnyooshea mkono dereva. Hakuupokea. Alinionyesha kwa kidole bomba dogo la kioo lililosimama wima juu ya mlango wa moto.

"Kioo kwanza," akasema. "Mkono baadaye."

Ninyi mliozaliwa hapa Johannesburg mmezoea treni inayokuja bila moshi, kwa hiyo acheni nieleze. Boila ya injini ya mvuke ni kama sufuria kubwa iliyofungwa pande zote, huwezi kufunua ukachungulia. Kioo cha maji kimeunganishwa nayo juu na chini, na maji husimama ndani ya kioo sawa na yanavyosimama ndani ya boila. Maji yakishuka sana, bati zito lililo juu ya moto, ambalo sisi tuliliita dari, linabaki kavu, linaiva, linalegea. Likipasuka, hakuna atakayebaki kusimulia. Ndiyo maana kioo hakitazamwi tu, kinajaribiwa. Unafungua koki ya chini, maji na mvuke vinatoka kwa kelele, unafunga, kisha unaangalia maji yanavyorudi. Yakirudi upesi, kioo kinasema kweli. Na kuna mtego mmoja ambao sijausahau mpaka leo: kioo kilichojaa maji mpaka juu na kioo kisicho na tone, kwa macho, ni kitu kimoja. Vyote viwili ni vyeupe.

Injini yenyewe tuliiita Hamsini na Mbili, kwa namba ya aina yake. Ilikuwa injini ya vita. Wajerumani walipokuwa wanapigana upande wa Urusi walitaka vichwa vya treni vingi na kwa haraka, wakachukua injini nzuri waliyokuwa nayo, wakaanza kuivua kama mtu anayevuliwa suti akabaki na kaptura. Mamia ya vipande viliondolewa. Mahali pa ribiti, zile pini za kuunganishia mabati, wakachomelea. Chombo cha kupasha maji joto kabla hayajaingia kwenye boila kikatupwa, zikabaki pampu mbili za mvuke. Gari la makaa na maji lililofuata nyuma likaundwa kama pipa lililopasuliwa katikati. Chumba cha dereva peke yake ndicho walichokionea huruma, wakakiziba nyuma kwa sababu ya theluji. Zilitengenezwa maelfu kwa maelfu, na waliozitengeneza walitaka zidumu miaka michache tu, vita viishe. Mimi nilizikuta karibu miaka arobaini baadaye zikivuta mizigo, magurudumu kumi makubwa yakizunguka bila kinyongo.

Nilizipenda, sitaki kuficha. Hazikuwa na urembo wowote, na mimi mwenyewe sikuwa mzuri wa sura, basi tukaelewana.

Dereva Mkuu, yule aliyeninyima mkono, alikuwa mtu mpana, mwenye maneno machache kama vile kila neno linatoka kwenye akiba yake. Alinifundisha kutupa makaa kwa beleshi, kidogo kidogo na pembeni kwanza. Alinifundisha kusikiliza pampu. Na kila asubuhi, kabla sijajaribu kioo, mkono wake ulikaa mfukoni. Nikishajaribu, ananipa mkono wote kwa nguvu, na kuniuliza kama nimelala vizuri. Nilidhani ni vituko vyake tu.

Sasa nifike kwenye kosa langu. Asubuhi moja ya baridi nilikwenda kumpokea mtia makaa wa zamu iliyotangulia, mzee wa makamo ya baba yangu. Nikampa heshima zake zote, kama nilivyolelewa. Nikamuuliza habari ya mke, habari ya mguu uliokuwa unamsumbua, habari ya mjukuu. Mzee yule alinipenda kwa hilo, kwa sababu kwao kijana hamuulizi mzee habari ya mguu. Alipokuwa anashuka akasema, "Maji yapo, tele."

Nikatazama kioo. Cheupe mpaka juu. Mkono ulikwenda kwenye koki, nikaurudisha. Mzee ndiyo kwanza anashuka ngazi, bado ananipungia. Ameniambia maji yapo. Nikifungua koki atasikia kelele, atajua nimemhakiki. Huko kwetu mtu mzima akikwambia chungu kina maji, huendi kuchungulia mbele ya macho yake. Nikaona haya, ndugu zangu. Nikachukua beleshi nikaanza kutia makaa, nikawasha moto wa kuvutia mzigo mzima.

Dereva Mkuu alikuwa chini na kopo lake la mafuta, anapaka mafuta fito za magurudumu. Alipopanda hakunisalimu. Alifungua koki mwenyewe. Hakikutoka kitu ila mvuke mkavu. Uso wake ulibadilika rangi.

"Usiguse pampu!" akafoka.

Maji baridi juu ya bati linalowaka ni bomu. Tukapindua wavu wa moto, makaa yote niliyoyatia yakaanguka chini relini, moshi ukatufumba macho. Tukaruka nje, tukasimama mbali tukingoja. Haikulipuka. Lakini dari ilikuwa imebonyea, na injini ile ikaingia matengenezo kwa majuma mengi.

Mkuu wa Karakana alituita ofisini siku ile ile. Alikuwa mtu wa sheria, penseli sikioni. Yule mzee alisema ukweli wake, kwamba aliona kioo kimejaa. Sheria haikumshika yeye, ilimshika aliyepokea. Mkuu wa Karakana akauliza, "Nani aliwasha moto bila kujaribu kioo?"

Nilijua maana ya swali lile. Kulijibu ni kurudishwa Tabora kwa ndege ya kwanza, baba yangu ambaye alichinja mbuzi wa kuniaga aje kunipokea na aibu. Nikatazama sakafu. Dereva Mkuu akasema, "Mimi nilimwambia awashe. Nilimwambia nimeshakijaribu. Nilikuwa na haraka."

Ulikuwa uongo mtupu, na mimi nilikuwepo, na nilinyamaza. Walimtoa kwenye njia kuu, mtu aliyekuwa anavuta mizigo mpaka mpakani, wakampeleka yadi kusukuma mabehewa mbele na nyuma, siku zote zilizombakia. Mimi nikamaliza mafunzo nikapewa cheti.

Kabla sijaondoka nilimfuata kule yadi. Nikajaribu kioo cha injini yake, akanipa mkono. Nikamuuliza kwa nini alifanya vile. 

"Wakati wa vita nilikuwa fundi mwanafunzi kiwandani," akasema. "Tulikuwa tunachomelea haya mapipa ya maji ya Hamsini na Mbili. Kando yangu alifanya kazi mama mmoja aliyeletwa kwa nguvu kutoka Ukraini. Walikuwa wengi wa namna hiyo, wamechukuliwa kwao, wanalala kambini ndani ya uzio. Siku moja pipa langu likavuja. Langu mimi. Msimamizi akauliza nani amechomelea hapa. Mama yule hakujua lugha yetu vizuri. Mimi niliijua. Nikanyamaza."

"Wakamfanya nini?"

"Walimchukua. Sikumwona tena." Akafuta kioo kwa tambara ingawa kilikuwa safi. "Labda pipa lake liko nyuma yetu hapa, labda liko Urusi. Zilitoka maelfu. Kila ninapopanda namfikiria."

Nililia nikirudi bwenini, na machozi yaliniganda mashavuni. Nilikuwa nimesamehewa na mtu ambaye mwenyewe hakuna aliyebaki wa kumsamehe.

Tabora nilipokelewa kwa shangwe na kupewa ufundi wa boila. Lakini injini za mvuke zilikuwa zinaaga dunia, dizeli zinachukua nafasi, na Mhandisi wa Wilaya akatuambia siku moja kwamba sisi watu wa mvuke tutafute la kufanya. Nikahangaika, nikaja kusini, nikaangukia Johannesburg. Hapa ndipo niligundua kwamba mvuke haujafa, umejificha tu. Kulikuwa na kiwanda kikubwa cha udobi kilichofua mashuka ya mahoteli, na nyuma yake boila ya makaa ya mawe, mzee mwenzangu. Nikaajiriwa kuitunza. Nimekaa na boila ile miaka zaidi ya ishirini, naishi Bellevue, Ijumaa naswali Mayfair, na sikuwahi kuigusa bila kukijaribu kioo.

Mwenzangu wa zamu, miaka ya mwisho, alikuwa Papa Dieudonné, Mkongo wa Lubumbashi, mwimbaji wa kwaya, mpole, mtu wa kushona suruali yake mwenyewe. Yeye alianza kabla ya alfajiri, mimi nikampokea saa kumi na mbili. Siku ya kwanza alinikaribisha mikono yote miwili. Nikampita, nikaenda kufungua koki, kisha ndipo nikamgeukia.

"Mzee Rama," akasema, "mi nilikuambia maji iko. Juu ya nini unaenda kuangalia tena? Unanionaka muongo?"

Nikamwambia ni taratibu ya kazi. Hakuridhika. Kwa miezi salamu yetu ikawa neno moja la mtaani, "Sharp," na anaondoka. Iliniuma, maana nilijua hasa anachojisikia. Kile alichokihisi yeye ndicho nilichoogopa kumfanyia mzee wa Kijerumani.

Asubuhi moja akaniambia, bila kuniangalia, "Maji iko." Kioo kilionyesha nusu, vizuri kabisa. Nikafungua koki. Maji kidogo yakatoka, nikafunga, nikangoja yarudi. Hayakurudi. Njia ya chini ilikuwa imeziba kwa ukoko, na maji aliyokuwa anayaamini tangu alfajiri yalikuwa ya ndani ya kioo tu. Kengele ya hatari iliharibika siku nyingi na hakuna aliyeitengeneza.

"Papa, shika reki! Tutoe moto!"

Tuliuvuta moto wote nje mpaka nyusi zikaungua. Boila haikulipuka, ila mabomba ya ndani yalipinda. Mashine za kupiga pasi zikanyamaza, na akina mama wa huko ndani wakatoka nje salama, wakauliza kuna nini.

Meneja alifika mbio, kijana wa Soweto, si mtu mbaya. "Eish, madala," akaniambia, yaani mzee, akaendelea kwa Kiingereza. "Hoteli tatu zinangoja. Wakubwa watataka jina. Nani hakukijaribu kioo?"

Papa Dieudonné alikuwa na karatasi ya ukimbizi inayokaribia kuisha, mke na watoto wanne katika chumba kimoja mtaa wa pili na wangu. Nilimwona anavuta pumzi. Nilimwona anafungua mdomo. Hapo ndipo nilipojua kwamba ni mtu bora kuliko mimi, kwa sababu mimi, kule Ujerumani, sikuufungua.

"Ni m..."

"Ni mimi," nikamkata. "Nilimpokea, nikawasha bila kujaribu. Uzee."

Meneja alitutazama wote wawili. Nadhani alijua, maana kwa miaka yote ile alishaona ninavyokwenda kwenye koki kabla ya salamu. Akaandika alichoambiwa. "Kapumzike, madala," akasema taratibu. Ndivyo nilivyostaafu, bila keki wala hotuba, na jina langu likibaki kitabuni kama mtu aliyesahau kioo. Usiku wa kwanza niliumia. Kisha nikalala usingizi ambao sikuulala tangu Ujerumani.

Jioni iliyofuata Papa alinijia chumbani amefura kwa hasira. "Mi si mtoto! Juu ya nini umebeba kosa yangu?" Nikamkalisha, nikamsimulia yote, kuanzia yule mzee wa mguu mbaya mpaka yule mama wa Ukraini. Alisikiliza ameinamisha kichwa.

"Na ule mama," akauliza mwishoni, "jina yake?"

"Dereva hakuwahi kulijua."

"Mungu wangu," akasema Papa Dieudonné, akajifuta macho kwa mkono wa shati.

Sasa mnaniuliza, vijana, kazi ile ilinifundisha nini. Ningependa kuwapa jibu kubwa. Ninachojua ni kwamba zile injini zilitengenezwa kwa haraka na kwa ukatili, na watu waliozishika kwa mikono yao hawakuruhusiwa hata kuandika majina yao juu yake, na bado zilinibeba mimi, zikanisomesha, zikanilisha. Deni la namna hiyo hulipi kwa uliyekopa kwake. Hayupo.

Papa bado yuko kwenye boila, mpya sasa, yenye kengele mbili. Kila Jumapili akitoka kanisani hupita kwangu. Haingii na salamu. Anakwenda moja kwa moja kwenye birika langu la umeme, anafunua kifuniko, anachungulia, halafu ananigeukia na kusema, "Maji iko."

Nami nainuka polepole kwa magoti yangu haya, nakwenda, nachungulia mwenyewe. Ananingoja, hanuni tena. Kisha tunapeana mikono.