Kabla Mama Hajatoa Shamba

Mama alipewa hadi Jumapili ajibu. Kikundi cha kijiji chetu, Bukima, kilitaka aunganishe ekari zake mbili na shamba lao la pamoja, walime wote na kugawana mavuno sawa. Ni ardhi pekee aliyoachiwa na baba. Mimi niliishia darasa la saba, na kuongea mbele za watu kunanishinda, lakini mama alisema, "Nenda ukaangalie wengine wanaishije na mashamba yao. Macho hayahitaji cheti."

Alhamisi asubuhi nilifika sokoni Musoma mjini. Mama mmoja alikuwa akiuza nyanya za shamba lake bila kupunguza hata kidogo. Kabla ya saa sita ikaingia fuso imejaa nyanya kutoka mbali, bei ikaanguka palepale.

"Asubuhi nilikuwa naringa," aliniambia akicheka. "Sasa hivi nabembeleza. Chukua hata wewe, kijana."

Hapangiwi bei na mtu, ila hajui ya kesho.

Jioni nilifika Bunda kwa mjomba, anayelima pamba. Ijumaa tulipeleka magunia kwenye chama cha ushirika. Bei ilikuwa imeandikwa ubaoni, moja kwa wote, nami sikuiona. Kwetu mwaloni, mitumbwi inaposhusha samaki, hakuna kinachouzwa bila kuvutana bei, kwa hiyo nilimwambia karani wa mizani kwa sauti ndogo, "Tuongezee kidogo, mzee, tumetoka mbali."

Foleni nzima ikacheka. "Mwambieni hapa si mwaloni!"

Njiani mjomba alinieleza kwamba shamba ni lake, bei ni ya wote. Bei za wanunuzi wa nje ya chama zikipanda yeye hulalamika, zikishuka hushukuru.

Jumamosi nilikuwa Butiama. Nilimkuta shangazi anapepeta ulezi, nikamuuliza kuhusu shamba la ujamaa la utotoni mwake.

"Darasa nililosomea lilijengwa kwa mavuno ya shamba lile," alisema. "Hilo siwezi kulikana."

"Sasa mbona liliisha?"

"Palizi, mwanangu. Kuvuna walikujaga wote. Kupalilia tulikuwaga sisi sisi."

Jumapili, baada ya ibada, kikundi kilikaa. Nilikuwa nimeshamsimulia mama yote. Alinigusa bega, nikasimama nikitazama chini.

"Asiyekuja kupalilia atapata nini?"

"Hee, leo huyu kaongea!" mmoja akasema, wakacheka.

Mwenyekiti hakucheka. "Atapata sawa na wenzake. Sisi ni ndugu."

"Basi shamba langu nabaki nalo," mama alisema. "Siku zenu za palizi niiteni, nitakuja na jembe."

Walikunja nyuso. Lakini mvua zilipokuja walimwita, naye akaenda.

Kote nilikopita nilikuwa naulizia mavuno yanamwendea nani. Nimejifunza kwamba la kwanza kuulizwa ni nani atainama wakati wa magugu.