Wazee Wetu Wapelekwa Kisii Kuona Historia

Mwanzoni mwa miaka ya tisini, mwenyekiti wa wazee wa kanisa letu pale Migosi aligundua kwamba wazee wanahitaji historia. Wazee wenyewe, ambao sehemu kubwa ya historia hiyo iliwakuta wakiwa hai, hawakuwa wamelalamika. Lakini mwenyekiti aliwahi kulala Kisii usiku mmoja kwa sababu ya mazishi, na tangu hapo akawa mtaalamu wa milima.

"Ni mji wa zamani, juu kabisa, kwenye kahawa," alitutangazia. "Hewa yake peke yake ni dawa."

Mimi nilichaguliwa kuwa msaidizi. Sikuwa nimeolewa, na kwa maoni ya kanisa mwanamke asiye na mume hana kazi Jumamosi. Mama yangu, mjane mwenye magoti mabovu, alipanda basi akiwa na sweta mbili na samaki mkavu kwenye kikapu. Tulipofika Ahero, bado bondeni kwenye joto, jasho lilikuwa linamtiririka, ila kuvua sweta alikataa.

"Baridi ya huko juu haitabisha hodi," aliniambia.

Huko Kisii historia ilikuwa imefungwa. Ilikuwa nyumba ya mawe ya enzi za mkoloni, sasa ofisi, na ofisi hazifunguliwi Jumamosi, jambo ambalo mtaalamu wetu hakulijua. Hakutahayari hata kidogo. Alitupanga mbele ya kufuli akatueleza kuhusu ukuta. Ukuta ulikuwa mnene. Wazungu, alisema, walipenda kuta nene. Wazee waliitikia kwa vichwa kwa heshima, na mmoja akauliza choo kiko wapi.

Kisha tukapelekwa nje ya mji kuona kiwanda cha kumenyea kahawa. Kilijengwa juu ya kilima, bila shaka na mtu mwenye magoti mazuri. Njia ilikuwa ya udongo mwekundu na mvua ilikuwa imetoka kunyesha. Mwenyekiti alitangulia kwa furaha. Mama alikitazama kilima, akanitazama mimi, akaketi juu ya jiwe.

"Mimi nitaona kutoka hapa," alisema.

Nikabaki naye. Haukupita muda, mama mmoja mzee akatoka kwenye nyumba iliyokuwa kando ya barabara, akatuita tuingie kabla mvua haijarudi. Yeye alijua Kigusii, Mama alijua Kijaluo, na Kiswahili chao wote wawili kingemtoa machozi mwalimu yeyote. Walielewana vizuri kuliko mwenyekiti alivyoelewana na ule ukuta.

"Sisi tumekuja kuona kahawa," Mama alimweleza. "Wewe utatupatia kidogo tuonje?"

Mwenyeji alishangaa. Nyuma ya nyumba yake mibuni ilikuwa imejaa hadi kwenye mto.

"Kahawa? Hiyo ni ya kuuza, Mama. Hapa tunakunywa chai."

"Hujawahi kuionja?"

"Naambiwa ni chungu."

Mama alicheka mpaka akashika mbavu. Tukapewa chai ya maziwa na ndizi za kuchemsha, na Mama akatoa samaki wake. Wakalinganisha magoti. Mwenyeji alipandisha leso akaonyesha goti lake, limevimba kuliko la Mama, kisha akasema kwamba msimu wa kuvuna hupanda kile kilima na mzigo kila siku, kwa sababu mume alikufa na watoto wako Nairobi. Mama hakucheka tena. Alivua sweta moja, ile nzuri, akamvisha yule mama mabegani. Aliyevishwa alishika ule mkono uliokuwa begani mwake. Mimi nikajifanya naangalia mvua.

Wenzetu walirudi wakiwa na matope hadi magotini. Wawili walikuwa wameanguka. Mashine hazikuwa zikifanya kazi, wala kahawa ya kuonja haikuwepo, lakini mandhari, kwa mujibu wa mwenyekiti, ilikuwa ya ajabu, ukitoa ukungu. Alitukuta mezani akatuonea huruma.

"Mmekosa mengi," alisema.

"Ni kweli, Mwenyekiti," Mama alijibu, akimsogezea ndizi.

Kesho yake kanisani mwenyekiti alisoma ripoti. Wazee wote, alisema, walifika juu kabisa, wakajionea historia, na afya zao zimeimarika. Mama, aliyekuwa akipiga chafya kando yangu kwa kukosa ile sweta nzuri, alipiga makofi pamoja na wengine.